Nyongo ya Mama Yako Inavujia Wapi

Ofisi ya Mjomba Wako,
Ghorofa ya Chini, Mlango wa Tatu Kushoto,
Hospitali Kuu.
Jumanne, saa nne na robo asubuhi.

Mpendwa mpwa wangu,

Kabla hujaenda mbali, ujue barua hii inatoka kwa mtu ambaye bila yeye hospitali hii leo isingejua ianzie wapi. Sijisifu, naeleza tu. Nimepewa chumba changu peke yangu chenye mlango na kitasa. Nimepewa kalamu, na karatasi zenye nembo ya hospitali kichwani kama unavyoona. Mkuu wa wauguzi mwenyewe ametoa amri nisisumbuliwe na mtu. Sasa hivi daktari mmoja amefungua, amenikuta naandika, akafunga mlango taratibu kwa heshima. Mambo hayo hapewi kila anayeingia getini.

Hujambo lakini? Mumeo hajambo? Na huyo mjukuu wangu, lile jino la mbele limeshatoka, au bado anacheka kama mzee? Ile baridi ya huko uliyosema inapasua midomo, imepungua? Mnakula vizuri? Unalala, au bado ni vitabu mpaka macho yanauma? Natumaini mu wazima wote, na masomo yanakwenda.

Sisi huku hatujambo. Na hapo ndipo ninapotaka unisikilize. Mama yako yu hai, anasema, na asubuhi hii tu amegombana na mtu kuhusu shuka. Kwa hiyo usiruke mistari kwenda chini. Nakujua wewe, tangu utotoni hadithi ulikuwa unazianzia mwisho. Barua hii nimeipanga kama bomba, ukiikata katikati utalowa.

Amekataza usipigiwe simu. Alisema, "Mwanangu yuko kwenye mitihani, atakayempigia simu nisimuone tena kitandani kwangu." Tukaapa wote. Lakini mimi nilisikiliza vizuri: alikataza simu, barua hakuitaja.

Basi ni hivi. Unajua alitolewa kile kifuko cha nyongo Jumatatu ya wiki iliyopita, kwa ajili ya vile vijiwe. Walipitia vitundu vinne vidogo, siku ya pili akarudi nyumbani. Siku ya tatu ulizungumza naye, akakwambia yuko salama na ameshakaa kwenye cherehani. Kwenye cherehani alikaa kweli. Ila alikuwa anashona kwa mkono wa kushoto, maana bega la kulia lilikuwa linamuuma.

Kuhusu hilo bega ni mimi niliyegundua mapema. Mapema maana yake nilimkanda kwa dawa ya kuchua siku mbili mfululizo nikimwambia ni mto mbaya. Nikambadilishia mto. Nikambadilishia na upande wa kitanda. Kumbe bega halina kosa lolote. Daktari ameniambia tumbo likiwa na maji mabaya chini ya ini, maumivu yanapanda mpaka begani. Sasa hilo ningelijuaje? Kwenye nyumba, dari ikilowa unapanda juu kutafuta, huendi kukanda ukuta wa jirani.

Jumamosi tumbo likajaa, gumu. Weupe wa macho ukawa na rangi ya karatasi ya zamani. Jumapili homa. Nikasema sasa basi, nikamleta.

Wakampima kwa ultrasaundi, ile ya kupaka jeli. Wakaona kuna maji yametuama chini ya ini, upande wa kulia. Lakini maji gani? Ile mashine haisemi. Yanaweza kuwa damu, yanaweza kuwa majimaji tu ya kidonda, inaweza kuwa nyongo. Na kama ni nyongo inavujia wapi? Kwenye bomba kubwa, au pale padogo walipokata kifuko? Mama yako akamtazama daktari wa upasuaji na kumuuliza, "Daktari, mimi ni fundi cherehani. Niambie kweli, mlisahau kufunga uzi?" Yule bwana mrefu, mwenye sauti nzito, akakosa pa kuweka mikono.

Ndipo wakaamua kumpeleka kwenye kipimo cha mionzi. Na wewe msomi lakini hili nadhani hulijui, kwa hiyo tulia nikufundishe.

Wanachukua dawa yenye mionzi kidogo sana, kijiko cha chai hakijai, wanaipiga sindano kwenye mshipa wa mkono. Damu inaipeleka kwenye ini. Ini linadhani ni taka zake za kila siku, linaikamata na kuitupa ndani ya nyongo. Basi nyongo ikitembea, dawa inatembea nayo, na kamera iliyo juu ya tumbo inaiona kila inakopita. Mabomba yakiwa mazima, itashuka yote mpaka kwenye utumbo. Pakiwa na tundu, utaiona inatoka nje ya njia yake na kwenda kukaa mahali isipoalikwa.

Sasa niambie, hiyo ni kazi ya nani? Hiyo ni kazi yangu! Miaka ishirini na mitano mimi natia rangi kwenye matanki ya watu na kufuata inakotokea. Nilimuuliza yule mtaalamu wa mashine, kijana mmoja mnyamavu ambaye mimi namwita Bwana Picha, "Hii njia mmeipata wapi?" Akasema wameipata kwenye vitabu. Nikamwambia, "Na vitabu vimeipata kwa mafundi bomba." Hakubisha.

Dawa yenyewe hapa huandaliwa Jumanne tu. Inakaa ndani ya kasha la madini ya risasi, kasha dogo kama la viatu, lakini uzito wake! Wanaume wawili walilisukuma kwa kigari wakitoka jasho. Mimi nililiinua kwa mkono mmoja kuwaonyesha. Na haiwekwi akiba, maana kila saa sita zikipita nusu ya nguvu yake imekwisha. Ukichelewa, umechelewa mpaka Jumanne nyingine.

Ngoja kidogo, nasikia viatu vya Sista, yule mkuu wa wauguzi, koridoni.

Saa tano kasoro dakika kumi. Nimerudi. Hakuwa Sista, alikuwa mtu wa chakula. Nimetoka hata hivyo, nikatembea mpaka mwisho wa korido na kurudi. Vigae ni mia moja na arobaini na viwili, vitatu vimepasuka. Nikapita chooni nikakuta koki inadondosha, tone, tone, tone. Mwanangu, leo sikio langu haliwezi kuvumilia kitu kinachovuja. Spana ninayo mfukoni siku zote, nikaikaza. Mfanya usafi akanikuta nimeinama chini ya sinki, akaniuliza, "Mzee, umepoteza nini?" Nikamwambia sijapoteza kitu, natoa huduma.

Kipimo kilianza saa mbili asubuhi. Alikuwa hajala tangu jana jioni, ndiyo masharti, na ndiyo maana akagombana kuhusu shuka. Mama yako akiwa na njaa shuka haiwezi kuwa nyeupe.

Kitanda chenyewe ni chembamba, upana wa mtu mmoja tu. Juu yake inashushwa kamera, lakini usidhani ni kamera ya kushika. Ni bamba pana kama ile meza yake ya kukatia nguo, linashuka polepole mpaka linabaki upana wa kiganja kutoka tumboni. Hapo mtu anatakiwa alale bila kutikisika saa nzima. Siyo dakika tano. Saa nzima.

Wakaniruhusu nikae ndani, kwenye kiti karibu na miguu yake, kwa heshima yangu. Kwenye kioo nilikuwa naona kila kitu. Mwanzo ni nukta nukta, kama unga uliodondokea kitambaa cheusi. Nukta zikazidi, likatokea ini lote linang'aa, kubwa, zuri kabisa. Nikajisemea moyoni, "Ini la ukoo wetu hilo." Baadaye ukajichora mstari mwembamba unashuka. Hilo ndilo bomba la nyongo. Nilikuwa nimekaa kwenye ncha ya kiti kama naangalia penati.

Kisha pembeni ya mstari, pale kilipokuwa kifuko, kikaanza kuonekana kijidoa. Kijidoa hivi, hata hakina umbo.

Na hapo hapo, dakika ya arobaini, picha ikatikisika. Mama yako akakunja magoti kwa maumivu, akashindwa kulala chali tena, ikabidi wamwinue na kusimamisha mashine. Kipimo kikakatika njiani.

Daktari wa picha akaja na miwani yake minene, akaangalia kioo mbele, nyuma, mbele, nyuma. Akasema, "Hapa kuna kivuli, lakini siwezi kuapa kuwa ni uvujaji. Inawezekana ni mgonjwa alivyosogea." Nikamwambia, "Daktari, kamera zote ni zilezile, hata picha ya harusi yangu ilitokea na kivuli masikioni." Akavua miwani akaifuta. Wakubwa wengi wakizidiwa hoja hufuta miwani.

Sasa sikiliza mambo yalivyo. Kwa kuwa dawa ile bado iko mwilini mwake, wanaweza kupiga picha ya pili saa saba mchana bila sindano nyingine. Muda huo nyongo itakuwa imetembea vya kutosha, na kama inavuja itakuwa imejikusanya na kuonekana. Lakini dawa inazidi kufifia, na mama yako kulala chali kunamuuma. Ni nafasi hiyo moja tu.

Na yule bwana wa upasuaji ameshasema yake. Homa imepanda, hawezi kungoja mpaka Jumanne ijayo. Picha ya pili ikiwa safi, watajua la kufanya. Isipokuwa safi, atafungua tumbo aangalie kwa macho yake. Siyo vitundu tena, ni mkato mrefu kutoka chembe ya moyo kwenda ubavuni. Chumba cha upasuaji kimeshaandaliwa, saa kumi jioni. Nimemuona muuguzi anaandika jina lake ubaoni kwa kalamu nyekundu. Nikamwambia aandike kwa penseli. Akasema ubao hauandikwi kwa penseli.

Mpwa wangu, mwili wake wa leo siyo ule unaoujua. Amekonda mpaka mikono. Mkato ule sijui kama atauweza.

Saa sita na dakika ishirini. Nimekwenda kumuona. Leo haturuhusiwi kumkalia karibu muda mrefu, kwa sababu ya ile dawa, na wajawazito na watoto ndiyo wasisogee kabisa. Akienda chooni ameambiwa avute maji mara mbili. Hilo nimeliunga mkono kitaalamu. Mimi mwenyewe siogopi, nimekaa naye saa nzima asubuhi, na nakwambia mishale ya saa yangu sasa inang'aa mpaka ndani ya mfuko.

Basi nikasimama kwenye kioo cha mlango wa wodi. Kitanda chake ni cha dirishani. Akaniona. Hakupunga mkono. Aliinua vidole viwili akafanya hivi, kata, kata, kata, kama mkasi. Ananiuliza wanamkata au hawamkati.

Nikatikisa kichwa, hapana. Nikatikisa sana, kwa kujiamini, kama mtu aliyetoka kwenye kikao cha madaktari sasa hivi.

Mimi sijui chochote, mpwa wangu. Sijui hata kidogo. Lakini akashusha mkono akafumba macho, nikaona bora nimetikisa.

Nimerudi humu nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Chumba hiki ukinyoosha miguu unagonga ukuta. Kwa kuwa hakuna kingine cha kufanya na kalamu inataka kutembea, acha nikueleze vizuri ile dakika ya arobaini. Nimekwambia picha ikatikisika. Haikujitikisa.

Nilikuwa nimeonywa nisiseme neno. Sista aliniweka kwenye kiti akaninyooshea kidole: "Mzee Redio, nimesikia jina lako huko wodini. Humu ndani redio imezimwa. Tumeelewana?" Nikasema tumeelewana. Na kweli nilinyamaza dakika thelathini na tisa, hesabu ambayo mke wangu hajawahi kuipata katika ndoa yetu.

Ila mama yako alikuwa anaogopa. Lile bamba lilikuwa karibu, na vidole vya miguu yake vilikuwa vimejikunja kama anashika ngazi. Bwana Picha alikuwa kwenye kioo chake upande wa pili. Nikasikia ananong'ona, sauti ya chini kabisa, "Redio. Sema kitu."

Nikamwambia, nimekatazwa.

Akasema, "Sema kitu, nitalia."

Mimi dada yangu hajawahi kuniomba nizungumze, tangu nimezaliwa. Siku zote ni nyamaza, Redio, punguza, Redio, wageni wanasikia. Sasa ameomba. Ningefanya nini? Nikainama, nikaanza kumsimulia ile habari ya tanki la shule ya bweni.

Wewe unaijua, lakini hujaisikia ilivyokua. Tanki lilikuwa linapungua ndoo kumi kila siku na hakuna mtu anayejua maji yanakwenda wapi. Nikaitwa mimi. Nikatia rangi ya buluu, kopo zima, nikakaa kufuatilia. Kumbe mwalimu mkuu hajaambiwa. Ameamka, ameingia kuoga, anapiga mluzi. Akatoka mstarini mbele ya wanafunzi mia tatu, ndevu buluu, kope buluu, akasema, "Nani amefanya nini?" na meno yake pia yalikuwa buluu, maana alipigia mswaki.

Meno niliyaongeza papo hapo. Hayakuwemo zamani. Na ni hayo meno yaliyomshinda.

Alicheka, mpwa wangu. Kwanza bila sauti, tumbo likaruka chini ya bamba. Nikamwambia usicheke, ndiyo akazidi. Kisha kicheko kikageuka kikawa kilio, akashika ubavu, akakunja magoti, akasema "mama yangu wee," na Bwana Picha akaja mbio.

Sijawahi kuogopa namna ile. Nilidhani nimempasua. Nilidhani nimeharibu kila kitu ndani kwa ajili ya meno ya mtu. Nilimshika daktari mkono koridoni, nikamuuliza kama kicheko kinaweza kupasua bomba. Akasema hapana, tundu kama lipo lilikuwepo tangu wiki iliyopita, kicheko kimeharibu picha tu. Picha tu, anasema! Na hiyo picha ndiyo inayoamua saa kumi.

Sista akauliza, "Nani amemchekesha mgonjwa?" Nikasema ni mimi. Akauliza, "Si nilikukataza?" Nikasema ndiyo, nilishindwa kujizuia, ndivyo nilivyoumbwa. Sikumwambia kwamba niliombwa. Asingemwelewa mama yako, angemwona mtu mzima asiye na akili, na yeye hospitalini anataka aonekane mwanamke imara. Na wewe usimwambie kuwa nimekwambia.

Saa saba kasoro dakika tano. Wamempitisha hapa koridoni kwenye kitanda cha magurudumu. Nimesikia sauti yake: "Taratibu kwenye kona, siyo gunia." Sista amegonga mlango wangu mara mbili, akasema kwa nje, "Mzee Redio, andika." Basi naandika.

Naandika kwamba nje ni jua. Naandika kwamba ukuta huu una ufa unaotoka juu ya mlango mpaka kwenye swichi, na aliyepaka rangi hakuujaza, aliufunika tu. Naandika kwamba mama yako aliponifundisha kushika penseli alinifunga kidole gumba kwa uzi ili nisiikabe. Wewe hukujua kwamba ni yeye? Mimi shule niliishia darasa la sita, hilo si siri, lakini herufi zangu ni za mama yako zote. Angalia hiyo "k" yenye mkia. Ni yake.

Saa saba na robo. Kimya.

Saa saba na nusu. Kimya bado. Nimetegesha sikio kwenye mlango. Kuna mtu anasukuma kigari.

Ikiwa wameshindwa tena watakuwa wameshatoka. Au ikiwa wameshindwa ndiyo wanakawia? Kwenye mabomba, fundi akikawia chini ya nyumba ni mambo mawili: amelipata, au amekwama.

Saa nane na dakika kumi. Mpwa wangu! Mwandiko usiuangalie, naandika mbiombio, lakini ni habari ya heri.

Imetoka safi! Alilala dakika arobaini na tano bila kutikisa hata ukope. Bwana Picha, yule asiyesema, amekuja mwenyewe kunifungulia mlango, akanipeleka mbele ya kioo, akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Bomba kubwa ni zima, nyongo inashuka na kuingia kwenye utumbo, utumbo wote umewaka kama kamba iliyokunjwa. Na pembeni, pale kwenye kishina walipokata kifuko, ndipo inapotokea. Inachirizika kidogo, inashuka upande wa kulia wa tumbo na kutuama. Unaiona wazi, hata mimi niliiona kabla hajaonyesha. Na kile kijidoa cha asubuhi kilikuwa mahali hapo hapo. Hakikuwa kicheko.

Kwa hiyo saa kumi imefutwa. Nimemsimamia muuguzi mpaka akapangusa jina ubaoni.

Watakachofanya ni hiki. Leo jioni watamchoma sindano ubavuni na kutoa yale maji yaliyotuama. Kesho asubuhi watampa dawa ya usingizi, wampitishe mpira mwembamba wenye taa kinywani mpaka pale bomba la nyongo linapoingia kwenye utumbo, na hapo kwenye mdomo wa bomba waache kijimrija kidogo. Basi. Nyongo ikipata njia nyepesi ya kushuka, haina haja ya kupita kwenye tundu, na tundu litajifunga lenyewe kwa siku kadhaa. Baada ya wiki chache wanauchomoa mrija. Daktari wa upasuaji alianza kunieleza, nikamalizia mwenyewe. Ni kazi ileile: fundi mwenye akili hapasui ukuta wa mtu, anafungulia chini presha ipungue. Akanitazama akasema, "Mzee, umesomea wapi?" Hayo ameyasema kweli, siyo yale ya meno.

Hajapona bado, nisikudanganye. Homa ipo, dawa za drip zinaendelea, na kesho ni kesho. Lakini nimekwenda kwenye kioo cha wodi. Akainua vile vidole, kata, kata. Nikatikisa kichwa, hapana. Akaniangalia muda mrefu, kama anavyoangalia mshono wa fundi mwingine, kisha akageukia ukuta nikaona mabega yanatikisika. Nadhani safari hii amejua kuwa najua.

Haya, nafunga. Msalimie mumeo, mwambie ile koki ya maji ya moto ya jikoni kwenu iliyokuwa inapiga kelele aifunge polepole, asiikaze kwa hasira. Mbusu mjukuu wangu kwenye pengo lake. Mke wangu anakusalimu sana, yuko nyumbani anapika uji wa mgonjwa wa kutosha wodi nzima. Binamu zako wote wanakusalimu, na mkubwa ndiye anayelala kwenye duka la mama yako kulinda vitambaa vya watu. Babu yako mdogo anauliza utarudi lini, anauliza kila siku, na kila siku tunamjibu. Maliza mitihani yako kwa utulivu. Mungu akufungulie kila njia iliyoziba, na inayovuja aizibe.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini Sista amenipa ujumbe kutoka kitandani: nisifunge bahasha kabla sijakuandikia ukweli wa mambo mawili. La sivyo hatakubali kuletewa uji kesho akiamka.

La kwanza ni la hii ofisi. Ni stoo ya mifagio. Nimekalia ndoo ya kupigia deki niliyoigeuza, na karatasi nilipewa ili mdomo upate kazi nyingine wakati wa picha. Hilo sioni kama lilikuwa na haja ya kusemwa, maana mlango na kitasa vipo.

La pili amesema umekuwa ukiliuliza tangu uko darasa la tatu, kila ulipoitazama ile picha ya harusi yangu ukutani kwake, na kila mara nikakujibu kuwa mpiga picha aliharibu. Yule mwalimu mkuu hakuwa na ndevu. Siku ile hata hakuwepo, alikuwa likizo. Aliyesahau kwamba tanki lina rangi akaenda kunawa uso na kichwa chote, siku tano kabla ya kuoa, ni mimi. Mama yako alinisugua kwa sabuni ya kufulia na jiwe la kuogea siku zote hizo, uso ukakubali, shingo ikakubali, masikio yakakataa. Kile kivuli unachokiona kwenye picha siyo kivuli, mpwa wangu. Ni masikio yangu, na ndivyo yalivyokuwa.

Akupendaye bila kupunguza sauti,
Mjomba wako.